Shefu na watu wake katika maktaba ya chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kazi ya maktaba hapa Lubumbashi kwa kubandika namba kwenye migongo ya vitabu, kisha nikakaa gishe, yaani dirisha la kuwahudumia wasomaji, na baadaye nikapewa kuongoza wenzangu. Kila anapoteuliwa shefu mpya, yaani mkuu, katika maktaba ya chuo fulani mjini, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Wafanyakazi nao wana ya kwao, na mara nyingi ndiyo mazito zaidi. Nimeyaweka pamoja hapa, na ninayajibu jinsi ninavyowajibu wenyewe tukikaa nje jioni, milango ikishafungwa.

Mkono mtupu haulambwi. Tuongee uongozi wa nini na pesa hakuna?

Swali hili ni la haki, na shefu anayelikasirikia hajawahi kukaa mwezi mzima bila mshahara. Kwanza tukubaliane: hakuna mtindo wa uongozi unaolipa kodi ya nyumba. Anayekuja kazini kwa miguu kutoka Katuba hadi kampasi ya Kasapa hawezi kushibishwa na hotuba.

Lakini nimeona maktaba mbili za mji huuhuu, zote na uhaba uleule. Moja ilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi, vitabu viko mahali pake. Nyingine ilifunguliwa pale mwenye ufunguo alipojisikia. Pesa haielezi tofauti hiyo.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake wawili walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza ni lini kazi iliwafurahisha mno, na ni lini iliwachosha roho. Majibu yalikuja katika mafungu mawili tofauti. Yaliyowachosha ni kanuni za kampuni, msimamizi mbaya, mshahara, mazingira ya kazi. Yaliyowafurahisha ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa jukumu, kupanda cheo. Maana yake ni kwamba ukirekebisha mshahara unaondoa maumivu, ila bado hujampa mtu sababu ya kuipenda kazi. Sababu hiyo inatoka kwingine, na huko kwingine shefu ana uwezo nako.

Ninaongeza neno moja ambalo vitabu vya shule havisemi vya kutosha. Wale wahandisi walikuwa na ajira zenye mshahara. Ukichukua nadharia hiyo ukamwambia mtu asiyelipwa kabisa kwamba kinachomfaa ni kutambuliwa, unamtukana. Fungu la kwanza linabaki deni, na deni hudaiwa kwa aliye juu. Shefu ana wajibu wa kwenda kudai kwa ajili ya watu wake, kwa barua, kwa mkutano, tena na tena, na watu wajue kwamba amekwenda.

Hiyo mitindo ya uongozi inayotajwa darasani ilitoka wapi?

Mingi ina mzizi katika jaribio moja la watoto. Kurt Lewin, Myahudi aliyeondoka Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, alikuwa akifanya kazi Iowa, Marekani. Yeye, Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa umri wa miaka kama 10, wakavipa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kiongozi mmoja aliamuru kila hatua, mwingine alishauriana na watoto, mwingine aliwaacha wafanye wapendavyo. Taarifa yao ilitoka mwaka 1939, na hadi leo tunasema mtindo wa amri, mtindo wa ushirikishi, na mtindo wa kuachia.

Jambo ninalopenda watu walishike ni hili: kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilishuka. Wale walioshirikishwa waliendelea. Liweke akilini, nitalirudia mwishoni.

Baadaye Douglas McGregor, mwaka 1960, alisema mashefu hutofautiana kwa wanavyomdhania binadamu: kuna anayeamini mtu ni mvivu mpaka asukumwe, na kuna anayeamini mtu hutafuta jukumu mwenyewe akipewa nafasi. Robert Greenleaf mwaka 1970 akaandika juu ya kiongozi mtumishi, yule anayeanza kwa kutaka kuhudumia. James MacGregor Burns mwaka 1978 akatenganisha uongozi wa kubadilishana, nipe nikupe, na uongozi unaowainua watu waone lengo kubwa kuliko wao. Mengine utayasoma chuoni. Kwa maktaba yenye watu kumi hayo yanatosha.

Je, si kweli kwamba bila ukali hakuna kinachoenda?

Kuna saa ambayo amri ndiyo huruma. Waya ukitoa moshi, paa likivuja juu ya rafu, mwizi wa vitabu akishikwa mlangoni, hakuna kuitisha kikao. Paul Hersey na Ken Blanchard walifundisha tangu mwaka 1969 kwamba mtindo ufuate hali na ukomavu wa mtu katika kazi ile: mgeni wa wiki ya kwanza anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, mwenye miaka kumi anahitaji kuachiwa.

Ubaya ni kugeuza amri kuwa hewa ya kila siku. Nitatoa mfano niliouona kwa macho. Katika maktaba moja shefu aliweka ufunguo wa chumba cha tasnifu mfukoni mwake, ufunguo mmoja tu, kwa kuogopa wizi. Siku moja aliitwa kwenye mkutano tangu saa tatu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamejipanga kwenye benchi, daftari magotini. Mama wa gishe alikuwa akiwaambia kila baada ya nusu saa, "Mungoye kidogo, shefu anakuya." Saa tisa wakaondoka. Yule mama alikuwa na miaka 14 ya kazi. Alijua kila tasnifu ilipo hata gizani, lakini hakuaminiwa kushika kipande cha chuma. Keshoye mwanafunzi alipomuuliza kitu, alijibu bila kuinua kichwa. Watu walimwita mvivu. Mimi nilikuwa nimeona uvivu huo ulikozaliwa.

Basi kushirikisha maana yake kupiga kura kwa kila kitu?

Hapana. Unasikiliza kabla, unaamua wewe, unaeleza sababu. Ukiwauliza watu maoni na ulikuwa umeshaamua, watajua, na mara ya pili watanyamaza.

Shefu wetu ni mtu mwema, hagombezi mtu, lakini maktaba inakufa. Kwa nini?

Huo ni mtindo wa kuachia, na kwetu una sababu zake. Pengine shefu ni profesa mwenye saa nyingi za kufundisha, na maktaba ni cheo cha pili. Anapita Jumatatu kusaini, anasalimia vizuri, anaondoka. Vitabu vilivyorudishwa vinalala kwenye meza hadi vinafanya mlima, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa mlima ni wa nani. Anayejituma anaona mwenzake asiyejituma akipata primi, ile posho ya nyongeza, sawa na yeye, na baada ya miezi michache naye anaacha.

Ikiwa wewe ndiye shefu huyo na muda huna, teua msaidizi kwa barua, mbele ya wote, na useme wazi ni mambo gani anaamua bila kukungoja. Kisha usimvunje kwa kurudi na kubadili alichoamua.

Nina mtu ambaye hajawa mekanize, hayumo kwenye listi ya malipo ya serikali. Anaishi kwa primi tu. Nimpe moyo namna gani?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kidonda.

Usimdanganye. Usiseme "mwezi ujao jina lako linatoka" kama hukuliona jina. Ahadi moja ya uongo inaua ukweli wako wa miaka mitatu. Mwambie faili lake limefika wapi, limelala kwa nani, lini utauliza tena. Kisha uulize kweli siku hiyo.

Primi ya mahali, ile inayotoka chuoni penyewe, igawanywe mwangani. Iandike kwenye karatasi, kiasi kilichoingia, watu wangapi, kanuni ipi, na ubandike mahali pa wafanyakazi. Stacey Adams alieleza miaka ya 1960 kwamba mtu hupima anachotoa na anachopata kwa kujilinganisha na mwenzake, na akiona mizani imelala upande mmoja hupunguza juhudi. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kusoma Adams. Ameshaona mtoto wa ndugu wa shefu akipokea bahasha nene. Nimesikia watu wakivumilia primi ndogo miezi mingi bila neno, kisha wakawaka siku walipogundua kuwa imegawanywa gizani.

Panga zamu ukijua maisha yake. Kama ana shamba nje ya mji au anauza mikate asubuhi, mpe zamu ya mchana, mkubaliane waziwazi. Ni heri saa tano za kweli kuliko saa nane za kujificha. Na usimtume sokoni kwa shughuli zako. Hicho kidogo kinachobaki, yaani heshima ya kuwa mfanyakazi wa maktaba, usikiondoe kwa kumfanya tarishi wa nyumbani kwako.

Mwisho, mpe karatasi. Akijifunza kuorodhesha vitabu, aandikiwe. Akishika sehemu ya majarida mwaka mzima, aandikiwe. Siku akipata kazi kwingine, utalia kumpoteza, lakini waliobaki watakuwa wameona kwamba kwako mtu hukua.

Maktaba yangu inapokea watu waliofukuzwa idara nyingine. Nitawatia ari vipi?

Mazoea ya kuitumia maktaba kama shimo la kutupia watu ni mabaya, na shefu ayapinge kwa uongozi wa chuo bila kuchoka. Lakini mtu akishafika, kosa si lake. Usimpokee kama mfungwa.

Tuliwahi kuletewa baba mmoja aliyekuwa wa matengenezo, na barua ya mistari miwili. Katalogi hakuijua. Siku mbili alikaa kwenye kiti karibu na mlango akiangalia viatu vyake. Siku ya tatu nikamkuta amesimama na kamusi iliyovunjika mgongo, anaifungua na kuifunga.

"Baba, unaangalia nini?"

"Hii kitabu balishona mubaya. Uzi njo inaikata."

Kumbe ujanani alikuwa fundi cherehani Katuba. Nikamuuliza kama angeweza kuishona upya. Akaomba sindano nene, uzi wa gunia, gundi nyeupe ya maseremala, kipande cha kitambaa. Vyote tulivinunua kwa pesa ya soda. Alikata mbao mbili, akaweka kitabu katikati, juu akapanga matofali manne, akaiacha hadi keshoye. Alipoitoa, mgongo ulikuwa umenyooka kuliko wa vitabu vipya. Tukampa meza karibu na dirisha, tukaandika mlangoni "Ujalidi". Wanafunzi wakaanza kumwita Fundi. Alikuwa akifika kabla yangu. Hakuna cheo kilichoongezwa wala primi. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na kazi ambayo bila yeye haifanyiki, na kila mtu aliiona.

Tangu hapo, mtu mpya akija simuulizi kwanza alisoma nini. Namuuliza mikono yake inajua nini.

Mimi ni mwanamke, bado kijana, na wale ninaowaongoza ni baba zangu kwa umri. Nifanyeje?

Heshima na mamlaka havigombani kwetu, ukijua kuvishika vyote viwili. Mwite Baba au Papa, msalimie wewe kwanza, muulize habari za nyumbani. Makosa msemee faraghani, kamwe si mbele ya wanafunzi. Lakini usiombe kazi kama msaada. Dada mmoja niliyemwona akifaulu alimwambia mzee wake hivi: "Papa, wewe umenitangulia hapa, sehemu ya historia unaijua kuliko mimi. Nataka Ijumaa tuwe tumemaliza kuihesabu. Unahitaji nani wa kukusaidia?" Amempa heshima, amempa tarehe, amempa uchaguzi. Mzee alimaliza Alhamisi.

Na ukikosea, sema "Papa, hapa nilikosea" bila kuzungukazunguka. Wazee wanasamehe kosa haraka. Kiburi hawakisamehe.

Tunaingiza katalogi kwenye kompyuta. Wazee wanapinga. Tuwaache?

Mara nyingi hawapingi kompyuta. Wanaogopa kuonekana wajinga mbele ya vijana, na wanaogopa kwamba mashine ikishajua vitabu vilipo, wao hawatahitajika tena.

Programu zenyewe hazina gharama ya kununua: Koha ilizaliwa New Zealand na kutolewa huru mwaka 2000, na PMB ya Wafaransa inawafaa wanaofanya kazi kwa Kifaransa. Ugumu uko kwa watu. Wapange wawili wawili, kijana kwenye kibodi, mzee akiwa na kitabu mkononi. Kitabu kimoja cha hapa kinaweza kubeba historia nzima: chuo kikuu kilichofungua milango mwaka 1956 wakati wa Wabelgiji, kikaingizwa katika UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 1981. Anayejua kusoma mihuri na namba za zamani, na kujua rafu ipi ilihamishwa kwenda wapi, ni mzee. Kijana peke yake ataingiza kitabu kimoja mara mbili. Ukiwapanga hivyo, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana.

Vivyo hivyo kwa majarida ya mtandaoni. Hinari, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, inafungulia nchi kama yetu majarida ya tiba. Usiiweke chini ya "maktaba" kwa jumla. Mkabidhi mtu mmoja kwa jina, awe ndiye anayewafundisha wanafunzi wa udaktari kuitumia. Atajifunza usiku ili asiaibike mchana.

Gishe inachosha kila anayekaa pale. Kuna dawa?

Zamu. Mtu asikae gishe siku nzima. Tangu mfumo wa LMD, yaani ngazi tatu za licence, master na doctorat, uanze kuenezwa nchini kutoka mwaka wa masomo 2021-2022, saa za kazi binafsi za mwanafunzi nazo zinahesabiwa, na foleni imekuwa ndefu. Asubuhi gishe, mchana rafuni. Na shefu mwenyewe ashike gishe walau saa moja kwa juma. Utajifunza pale mambo ambayo ripoti haikuambii, kama vile kwamba taa ya pale imekufa tangu mwezi jana.

Nimsifu mtu namna gani bila kuonekana ninapaka mafuta?

Taja kitu chenyewe. "Umefanya vizuri" ni upepo. "Ile tasnifu ya jiolojia tuliyoitafuta tangu Januari, umeipata nyuma ya atlasi, na mwanafunzi amepata kumaliza sura yake" ni sifa. Iseme siku hiyohiyo. Na ripoti ikienda juu, iende na jina lake, siyo la kwako.

Mikutano mara ngapi?

Mara moja kwa juma, dakika 20, mambo matatu. Anza na yale yaliyoahidiwa juma lililopita, pamoja na ya kwako.

Nitajuaje kama ari ya watu imepanda kweli?

Usigawe fomu za maswali, watakuandikia unachotaka kusoma. Angalia meza ya vitabu vilivyorudishwa ikifika jioni. Angalia kama watu wanakuletea tatizo likiwa bado dogo. Sikiliza wanavyoiita maktaba, "kwa shefu" au "kwetu". Halafu ufanye kama kiongozi wa lile jaribio la Iowa: toka chumbani.

Mimi niliitwa Likasi siku mbili, Februari moja ya mvua kali, na simu ikaishiwa moto njiani. Niliporudi nilikuta rafu za sheria zimesogezwa mita nzima kutoka ukutani na kufunikwa bashe, yaani turubai, ndoo mbili zimewekwa chini ya paa, sakafu imepigwa deki. Hakuna aliyekuja kunieleza, kila mtu alikuwa kwenye kazi yake. Nikafungua daftari la zamu. Kulikuwa na mistari mitatu, kwa mwandiko wa Fundi: "Saa kumi, mvua. Tulihamisha Sheria, vitabu 212, hakuna kilicholowa ila kimoja. Hicho kiko kwangu, kinakauka."